Mlimau nyuma ya jiko: mti unaokulipa kabla haujazaa

Mvua zimeanza. Kila mwaka zikianza, sisi walimu wa kujitolea huwa tunawaambia wanafunzi walete mbegu yoyote kutoka nyumbani, tupande pamoja nyuma ya madarasa. Safari hii kijana mmoja wa darasa la tano alikuja mikono mitupu. Tulipomuuliza, akajibu bila kuficha: "Mwalimu, baba anasema kambini mtu hapandi mti. Mtu anapanda mboga."

Darasa zima likacheka, lakini sisi hatukucheka. Baba huyo ana hoja. Lengalenga ukiipanda leo, baada ya wiki tatu au nne unaila na bugali. Mti unataka miaka. Na nani hapa anajua atakuwa wapi baada ya miaka mitano? Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia kijana akae, tukaendelea na somo.

Jibu tulilipata jioni, kwa mama mmoja mzee wa kijiji chetu ambaye nyuma ya jiko lake umesimama mlimau mkubwa. Watoto wa klasta nzima wanaujua. Mtu akipata mafua anatumwa pale kuomba majani. Tulimuuliza aliupanda mwaka gani. Akatuangalia, akasema:

"Wanangu, mimi sikuupanda. Ulijipanda wenyewe."

Halafu akatueleza. Alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mwaka 1996, akitokea upande wa Fizi, na watoto wanne. Kambi hii ya Nyarugusu ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa. Walipogawiwa uwanja, mume wake aliweka sheria: wasipande kitu kinachozidi miezi mitatu, maana Krismasi watakuwa nyumbani. Krismasi ikapita. Ikaja nyingine. Sheria ikabaki ileile. Mwaka wa sita, mbegu ya limau iliyotemwa na mtoto ikaota pale wanapomwaga maji ya kuoshea mboga. Mama akainama aing'oe kama anavyong'oa magugu mengine. Mkono ulipogusa majani, ikatoka harufu ya uwanja wa mama yake. Akauacha.

"Mti ule umenipa majani tangu mwaka wake wa pili," alisema. "Nahesabu ile miaka sita tuliyokaa tukingoja. Kama tungetia mbegu mwaka wa kwanza, watoto wangu wangekunywa chai yake wakiwa wadogo. Sasa wanaikunywa wajukuu."

Basi, kwa yule baba, na kwa wazazi wote wanaofikiri kama yeye, makala hii ni kwa ajili yenu. Tunataka kusema jambo moja tu: mlimau si mti wa matunda peke yake. Ni mti wa majani ya jikoni, na majani hayangoji miaka mitano.

LIMAU AU NDIMU?

Kwanza tuelewane kwa majina, maana hapa kambini tunachanganya. Wengi wetu tuliotoka Uvira, Baraka na Fizi tunaita yote ndimu. Ndugu zetu Warundi wanasema indimu. Watanzania wanatofautisha: limau ni lile kubwa, refu kidogo, likiiva linakuwa la njano na ganda lake ni nene. Ndimu ni ile ndogo ya mviringo, ganda laini na jembamba, chachu sana. Miti yote miwili ni ya familia moja na mchungwa na mchenza. Yote haipukutishi majani yake yote kwa pamoja, bali inakaa kijani mwaka mzima, hata mwezi wa nane wakati nyasi zote zimekauka. Na yote ukifikicha jani lake vidoleni linanukia.

Hebu chukua jani la mlimau uliangalie kwenye mwanga wa jua. Utaona vitone vidogo vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na hiyo ndiyo harufu yenyewe. Ndiyo maana jani likikatwa au kufikichwa linanukia kuliko likiwa zima.

Watu wasichanganye na mchaichai. Mchaichai nao unanukia limau, lakini ni nyasi. Ni mzuri, nao upandeni. Ila mchaichai hautakupa kivuli wala tunda.

MTI ULIOSAFIRI

Mlimau si mti wa kwetu kwa asili. Jamii hii ya miti ilitoka Asia, ikaletwa pwani ya Afrika Mashariki na watu wa biashara waliovuka Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walipita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa, wakafika hadi Maniema. Pale walipokaa walipanda miti ya matunda, na jamii ya malimau ilikuwamo. Biashara yenyewe ilikuwa na uchungu wake mkubwa, maana walibeba pembe za ndovu na walibeba watu. Lakini miti ilibaki, na wenyeji wakaila.

Limau lina sifa nyingine katika historia. Zamani mabaharia waliokaa baharini miezi mingi walikuwa wanaugua kiseyeye: ufizi unavimba na kutoka damu, meno yanalegea, vidonda havifungi, mwisho mtu anakufa. Mwaka 1747 daktari wa meli kutoka Scotland, James Lind, alichukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa kitu tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wote. Leo tunajua sababu yake: ni vitamini C.

Tunawaambia haya si kwa ajili ya kujisifu kusoma. Kiseyeye hakikuwa ugonjwa wa mabaharia peke yao. Katika miaka ya 1980 kiliwapata wakimbizi katika kambi za Somalia, Ethiopia na Sudani, watu ambao walikuwa wanapewa nafaka na mafuta lakini hawana matunda wala mboga mbichi. Chakula cha mgao kinashibisha, na sote tunajua kimepunguzwa zaidi ya mara moja. Lakini hata kikiwa kamili, hakina tunda ndani yake. Tunda tunajitafutia wenyewe.

TULIVYOKOSEA SISI

Kabla ya kuwaeleza namna ya kupanda, tukiri makosa yetu. Mara ya kwanza tulikusanya mbegu 40 za malimau, tukazianika juani juu ya gazeti wiki nzima, kama watu wanavyoanika mahindi ya mbegu. Tulidhani tunafanya vizuri. Tukazipanda, tukamwagilia kila asubuhi. Zikaota 2 tu. Na hizo 2 ziliishia tumboni mwa mbuzi.

Baadaye tulijifunza kwamba mbegu ya limau haipendi kukauka. Mahindi na maharage yanangoja ghalani, mbegu ya limau haingoji. Ikikauka juani, imekufa. Mara ya pili tulizipanda siku ileile tulipokata malimau, na zikaota karibu zote.

JINSI YA KUPANDA

1. Chagua limau lililoiva vizuri kutoka kwenye mti wenye afya. Toa mbegu, zioshe ule utelezi, chagua zilizojaa. Zile nyembamba zitupe.

2. Tafuta kopo. Kopo la mafuta la lita 4, bidoni iliyopasuka, sufuria iliyotoboka, vyote vinafaa. Muhimu ni kutoboa matundu matano au sita chini, maji yapate kutoka. Kopo lisilo na tundu ni kaburi la mche.

3. Changanya udongo mweusi na samadi ya zamani, ile iliyooza mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Udongo ukiwa mzito, ongeza mchanga kidogo.

4. Zika mbegu kina cha sentimita 1 au 2, yaani kama pingili ya kidole kidogo cha mtoto. Weka mbegu mbili au tatu kwa kopo. Mwagilia, weka kivulini, funika na nyasi chache. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

5. Baada ya wiki tatu au nne utaona mche. Usishangae mbegu moja ikitoa miche miwili au hata mitatu. Ndiyo tabia ya mbegu za limau. Acha ule wenye nguvu, mingine hamishia makopo mengine ukampe jirani.

6. Mche ukishatoa majani manne, uzoeshe jua polepole: wiki ya kwanza jua la asubuhi peke yake, halafu ongeza.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukipanda mwezi huu wa Novemba, mche utakua kwenye kopo mvua zote. Kuanzia Juni mpaka Septemba, wakati wa kiangazi, utaulea karibu na mlango kwa kikombe cha maji jioni. Mvua za mwakani zikianza, mche utakuwa umefika kama sentimita 30 au zaidi, na hapo unauhamishia ardhini.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, rudishia udongo ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Usiuzike mche zaidi ya ulivyokuwa kwenye kopo. Chagua mahali ambapo maji hayatuami, maana mlimau ukisimama kwenye maji shina lake linaoza kwa chini na kutoa gundi. Weka majani makavu au nyasi kuzunguka kushika unyevu, lakini yasiguse shina. Usipande karibu sana na ukuta; acha kama hatua nne, mti ukikua usije ukatoboa plastiki ya paa. Na kumbuka mlimau wa mbegu una miiba mirefu, basi usiuweke njiani watoto wanapokimbilia. Kama unataka kupanda nje ya uwanja wako, ongea kwanza na mwenyekiti wa kijiji.

Maji siyo tatizo kubwa kama watu wanavyosema. Maji ya kuoshea mboga, maji ya kunawia uso, maji ya kusuuzia vyombo, yote mti unayanywa. Ila maji ya kufulia yenye sabuni nyingi, au maji ya chumvi ya kuloweka samaki, usiyamwage pale.

Na wale wasio na nafasi kabisa? Acheni mti kwenye chombo. Bidoni la lita 20 lililokatwa juu linatosha kulea mlimau miaka kadhaa. Hautazaa sana, lakini majani utatoa. Na mti ulio ndani ya bidoni unaweza kuhamishwa ukihamishwa uwanja.

MAADUI WAKE

Adui wa kwanza ni mbuzi. Zungushia miiba tangu siku ya kwanza, usingoje kesho. Sisi tulingoja kesho.

Adui wa pili ni mtoto wa kipepeo. Mmeshamuona yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka milimau? Anataga mayai kwenye majani machanga. Kiwavi chake kikiwa kidogo kinafanana kabisa na mavi ya ndege, ndiyo maana watu hawakioni. Kikikua kinageuka kijani. Ukikigusa kinatoa pembe mbili nyekundu kichwani zenye harufu kali, kukutisha tu. Havina sumu kwa mkono wako. Viwavi vitatu vinaweza kumaliza mche mdogo kwa siku chache. Wape watoto kazi ya kuvitafuta kila asubuhi kabla ya shule. Hauhitaji dawa ya kunyunyizia, na kwa kweli tunawaomba msinyunyize, maana majani haya ni ya kuweka kwenye chai.

Ukiona majani mapya yana vinundu vinundu, na mti unakuwa na mabaka ya njano mwaka hadi mwaka na matunda madogo yaliyopinda, huo ni ugonjwa unaoletwa na mdudu mdogo. Hauna tiba. Ni afadhali uung'oe, uchome, upande mwingine, kuliko kuambukiza ya majirani.

KUCHUMA MAJANI

Matunda ya mlimau uliopandwa kwa mbegu utayangoja miaka mitano, pengine zaidi. Ule uliobandikwa kikonyo na wataalamu unazaa baada ya miaka miwili au mitatu, ukiupata ni bahati. Lakini majani machache unaweza kuanza kuyachuma mti ukishafika magotini, yaani baada ya mwaka mmoja hivi.

Chuma majani yaliyokomaa, ya kijani kizito. Yale machanga ya juu yaache, ndiyo yanayoukuza mti. Usivuke theluthi moja ya majani ya mti kwa wakati mmoja. Ukitaka ya akiba, yaoshe, yakaushe kivulini siku kadhaa mpaka yanavunjika, uyafunike kwenye kopo kavu. Ukiyakausha juani harufu inaondoka, unabaki na majani tu.

JIKONI

Chai. Kwa lita moja ya maji tunatumia majani matano au sita mabichi. Yaoshe, yachane vipande. Maji yakishachemka, sufuria iondoe motoni, tia majani, funika dakika kumi. Watu wengi wanayachemsha nusu saa: wanapoteza kuni na harufu yote inakwenda na mvuke. Ukifunika, harufu inabaki ndani na kuni inabaki nje. Akina mama na wasichana wanaokwenda kutafuta kuni mbali wanajua thamani ya kuni moja. Chai hii hata bila sukari inanyweka, na siku majani ya dukani yameisha, nyumba haikosi kitu cha kumkaribisha mgeni.

Ndagala. Ndagala zilizokauka zina shombo, na watoto wengine wanazikataa kwa ajili hiyo. Zioshe kwa maji ya moto, kisha zichemshe na majani matatu au manne ya mlimau kabla ya kuzikaanga na nyanya. Mama wa ule mti anafanya hivyo hata kwa samaki mbichi: anatandika majani chini ya sufuria, anaweka samaki juu, anatia chumvi na maji kidogo, anafunika. Samaki hashiki chini, na harufu inaingia ndani ya nyama.

Maharage. Hapa sikilizeni vizuri. Jani moja au mawili unaweza kutia yakikaribia kuiva. Lakini maji ya limau yenyewe usitie mpaka maharage yawe yameiva kabisa. Chachu inafanya maharage yakatae kulainika, utachoma kuni mpaka usiku. Kamulia kwenye sahani, wakati wa kula.

Na kukamulia huko si kwa ladha peke yake. Damu yetu inahitaji madini ya chuma, na maharage na sombe vina chuma, ila mwili unakichukua kwa shida. Vitamini C ya limau inausaidia mwili kukichukua. Chai ya rangi inafanya kinyume, inakizuia. Basi mama mjamzito, na mtoto aliyepungukiwa damu, ale maharage yake na limau, na chai ya rangi aiweke mbali na chakula, saa moja hivi baadaye.

Majani yakishatoa harufu yake kwenye chungu, yatoe. Ni magumu, hayaliwi.

SIYO DAWA YA KILA KITU

Sasa tuseme na lile ambalo wengine hawapendi kulisikia. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alikosa shule siku tatu. Nyumbani walisema ana homa, wanampa chai ya majani ya mlimau na kumfukiza. Siku ya tatu alianza kuweweseka. Alipofikishwa kliniki ilikuwa malaria, akalazwa, akaongezewa damu. Tunamshukuru Mungu alipona. Wazazi wake hawakuwa wazembe. Walimpenda na walifanya walichokijua. Lakini siku tatu ni nyingi kwa malaria ya mtoto.

Basi tuwekeane mipaka:

Mtoto akiwa na homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, au isizidi saa 24. Chai atakunywa akisharudi.

Chai ya majani inapooza koo na kutuliza mtu wa mafua. Haiponyi malaria, haiponyi kipindupindu, na haibadilishi maji machafu kuwa salama. Vitamini C nayo iko zaidi kwenye maji ya tunda bichi, si kwenye chai ya majani, maana moto unaiharibu.

Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake. Asipewe chai ya majani, hata kijiko.

Kujifukiza tunakujua wote, na mwaka 2020 wakati wa korona watu wengi Tanzania walijifukiza kwa majani ya mlimau, mkaratusi na mengine. Haijathibitishwa kwamba kunatibu ugonjwa ule. Na hatari yake ni sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto. Mtoto anaungua kwa sekunde moja. Watoto msiwafukize.

Maji ya limau au ndimu yakibaki mkononi kisha ukakaa juani, ngozi inaweza kutoa malengelenge na mabaka meusi. Nawa kwanza.

NA TUKIONDOKA?

Tumerudi sasa kwa yule baba. Tulimtembelea Jumapili, tukamkuta nje anatengeneza baiskeli. Tulimsalimia, tukamueleza habari za mama mzee na mlimau wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo tulijua litakuja:

"Sawa, walimu. Nimepanda, nimelea, mwakani tumeambiwa turudi. Mti utakuwa wa nani?"

Hatukumdanganya. Mti utabaki. Pengine atakuja mtu mwingine kwenye uwanja ule, pengine wenyeji wa Kasulu wataukuta. Lakini tulimwambia mambo mawili. La kwanza: ukiondoka baada ya miaka miwili, mwaka mzima umekunywa chai yake. Umelipwa. Wewe si wa kudai. La pili: limau mbivu unaweza kulitia mfukoni siku ya safari. Ukifika, ukalikata, ukapanda mbegu zake siku ileile, utakuwa na kitu kinachoota nyumbani kabla hujamaliza kujenga ukuta.

Sisi wengi tunaoandika ukurasa huu tulizaliwa hapahapa, au tuliletwa mgongoni. Nyumbani tunakujua kwa kusimuliwa. Tumekua tukisikia neno "mwakani". Hatuwalaumu wazazi wetu. Mtu aliyepanda mti anaogopa kuonekana amekata tamaa ya kurudi. Lakini kupanda mlimau siyo kusema haturudi. Ni kusema kwamba hata leo, hapa tulipo, watoto wanakunywa chai.

Yule baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliendelea na cheni ya baiskeli yake. Jumatatu asubuhi kijana alikuja darasani na limau moja ndani ya mfuko wa daftari. Tukalikata pale pale mbele ya darasa. Lilikuwa na mbegu 11 nzuri, tukazipanda zote kabla ya kengele ya mapumziko.

Wazazi wanaotaka miche waje nyuma ya madarasa kuanzia Januari, waje na kopo lililotobolewa. Hatuuzi. Tunaomba tu kila anayechukua mmoja aoteshe wa pili, ampe jirani yake. Na mwenye mlimau tayari asiwafukuze watoto wanaoomba majani. Waambie tu wachume yaliyokomaa, na yale machanga ya juu wayaache.